Kikombe cha Meno Kisifichwe

Meno ya bandia huja kwenye meza yangu yamefungwa kwa leso, kwa karatasi ya shashi, mara nyingine kwa kipande cha khanga. Mwenyewe huyatoa mkobani haraka haraka, huyasogeza upande wangu huku jicho lake liko mlangoni asije akaingia mtu, halafu husema kwa sauti ya chini, "Yamelegea," au "Yananiumiza huku chini." Mimi ni fundi sanifu wa meno hapa Tanga. Kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20, na nimezoea kuyasoma meno kabla mwenyewe hajamaliza kueleza. Waridi la ufizi wa bandia likipauka likawa jeupe kama chaki, najua yamelazwa kwenye jiki. Nikiona mikwaruzo myembamba iliyopangana upande mmoja, najua yanasuguliwa kwa dawa ya meno, au kwa majivu. Bamba likiyumba juu ya plasta ya umbo la kinywa ambayo lilitoka hapa likiikalia sawasawa, najua limemwagiwa maji ya moto. Na nikikuta upande wa mbele unang'aa lakini ndani, pale panapokutana na kaakaa, pamejaa utando wa kijivu, najua huyu hulala nayo.

Hilo la mwisho ndilo limenifanya niandike. Mengine yote yana dawa ya siku moja: ukielezwa, unaacha. Kulala na meno kumefungamana na haya, na haya ni ngumu kuivua kuliko meno yenyewe.

Mama yangu mzazi alivaa meno ya juu niliyomtengenezea kwa mikono yangu. Kila nilipomwuliza, "Mama, meno yanakwendaje?" alinijibu, "Alhamdulillahi mwanangu, hayana neno." Ikapita miaka minne. Siku moja nikamwona anapaka mafuta ya nazi kwenye pembe za midomo. Pamechanika pande zote mbili, pekundu, panalowa mate. Alidhani ni upungufu wa matunda. Nikamwomba ayavue nitazame. Akakataa, wajukuu walikuwa ukumbini. Tukaingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo, akanipa mgongo, akayavua. Nikawasha tochi ya simu.

Kaakaa lake lilikuwa jekundu kama nyanya iliyomenywa. Wekundu wenyewe ulikuwa na mpaka: ulianzia pale bamba linapoanzia na kuishia pale linapoishia, kana kwamba mtu amelipitishia penseli pembezoni. Nikamwuliza kama panauma. Hapaumi hata kidogo, akasema. Nikamwuliza usiku huyaweka wapi. Akanyamaza. Kisha akaniambia, "Sijayavua usiku hata mmoja tangu uliponipa. Sikutaka baba yako anione kibogoyo."

Baba alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Mama aliendelea kumfichia hata baada ya kuondoka. Na mimi, mtoto wake, fundi wa meno yale, sikuwahi kumwuliza swali la usiku.

Basi nianze na huo wekundu. Ndani ya vinywa vyetu wanaishi fangasi wa jamii ya Candida, hao hao wanaowafanyia watoto wachanga utando mweupe kwenye ulimi. Kwa kawaida hawana madhara, kwa sababu mate huwaosha na vijidudu wengine huwabana. Chini ya bamba mate hayafiki. Kuna joto, kuna unyevu, kuna mabaki ya chai ya sukari na ya wali, na akriliki, ile plastiki ya bamba lenyewe, hata iking'aa vipi, ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Hapo fangasi hujenga. Wakishajenga, ngozi ya kaakaa huvimba na kuwa nyekundu, na kwa watu wengi haiumi. Ndiyo maana nasema usingoje maumivu. Simama mbele ya kioo mara moja kwa wiki, meno yakiwa nje, fungua mdomo kwenye mwanga, tazama juu. Kaakaa lenye afya lina rangi ya waridi lililofifia, na mikunjo yake ya mbele huonekana vizuri. Ukiona wekundu wenye umbo la bamba, au vipele vidogo kama punje za mtama, nenda kwa daktari wa meno.

Daktari huenda akakuandikia dawa ya fangasi ya kusukutua au ya kumumunya, kama nistatini. Wakati wa kuitumia, meno yatoke mdomoni, la sivyo dawa haigusi mahali penyewe. Na meno nayo lazima yatibiwe pamoja na kinywa. Watu hutumia dawa wiki mbili, wakapona, wakarudisha mdomoni bamba lile lile lenye fangasi wale wale, na mwezi haupiti wamerudi walikotoka. Halafu husema dawa haikufaa.

Sasa usiku. Tukilala, mate hupungua sana. Mchana tunazungumza, tunakunywa, tunameza, kinywa kinajiosha. Usiku mambo yote hayo yamesimama. Ufizi uliofunikwa mchana kutwa unahitaji kupumua kama mguu ulioshinda ndani ya buti la mpira. Ukiufunika na usiku pia, umeunyima saa zake za kujirekebisha. Kwa wazee hatari haiishii kinywani. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 524, wenye umri wa wastani wa karibu miaka 88, kwa muda wa miaka 3. Waliokuwa wakilala na meno ya bandia walilazwa au kufariki kwa nimonia kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wale wengine. Njia yake si ngumu kuielewa: mtu mzima akiwa usingizini mate kidogo huteremka njia ya hewa, na kama mate hayo yamejaa vijidudu wa utando, wanafika mapafuni.

Kwa hiyo yavue. Saa 6 hadi 8, kila siku ya Mungu. Najua wapo watakaosoma hapa na kusema, mwenzangu hajui kama haya si meno yangu. Nakusihi umwambie. Nimekaa na wanandoa wengi mbele ya meza hii, na sijamwona mume au mke aliyeshtuka kama mwenyewe alivyodhani. Wengi walikuwa wanajua siku nyingi. Ikiwa kweli huwezi, basi iba saa za mchana: unapooga, unapofua, unapokuwa peke yako jikoni, yavue uyaweke majini. Hata saa chache kila siku zina faida kwa ufizi kuliko kutoupumzisha kabisa. Ni mmoja tu nisiyemhimiza kuvua, naye ni yule aliyewekewa meno ya bandia siku ile ile aliyong'olewa. Daktari mara nyingi humwambia akae nayo saa 24 za mwanzo, kwa sababu bamba linabana damu na uvimbe. Huyo afuate neno la daktari wake.

Yakiwa nje, yalale kwenye maji. Akriliki ikikauka inapoteza unyevu wake na kubadilika umbo kidogo, na kinywa hukihisi kidogo hicho. Tafuta kikombe chenye kifuniko, kiwe cha kazi hiyo tu. Maji yawe yale ambayo ungeyanywa: yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa. Hili watu hulisahau. Mtu anachemsha maji ya kunywa kwa hofu ya kipindupindu, kisha usiku kucha analaza meno kwenye maji ya kisima na asubuhi anayatia mdomoni. Maji yamwagwe kila asubuhi, na kikombe kioshwe kwa sabuni.

Kabla sijaingia kwenye kuosha, niseme neno moja la zamani, kwa kuwa linaeleza kosa letu la leo. Karne ya 18 huko Ulaya na Marekani meno ya bandia ya matajiri yalichongwa kutokana na pembe za ndovu na meno ya kiboko, wanyama wa kwetu. Wengine waliwekewa meno ya watu. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivaa ya namna hiyo. Meno ya kiboko yalioza mdomoni na kunuka, kwa hiyo mwenyewe hakuwa na budi kuyashughulikia. Akriliki tunayotumia sasa ilianza kuenea miaka ya 1930, nayo haiozi. Hapo ndipo tulipolala. Mtu anaona haitoboki, haiumi, haibadiliki rangi upesi, anadhani haihitaji kitu. Kumbe kinachooza ni kile kinachoganda juu yake.

Kuosha kwenyewe ni kazi ya dakika 3. Tia maji nusu beseni, au tandika taulo lililokunjwa chini ya bomba. Hii si mbwembwe. Meno mengi yanayofika kwangu yamevunjika yalidondoka sinkini au kwenye sakafu ya saruji wakati wa kuoshwa, mikono ina sabuni na macho hayajaamka vizuri. Yakidondokea maji au taulo hayavunjiki. Ya chini yashike kwa upole upande ule ule unaousugua. Ukiyakamata ncha mbili kwa kiganja na kubana, yanakatika katikati kama biskuti.

Suuza kwanza chakula kilicho juu. Kisha chukua mswaki laini, wa kazi hiyo peke yake. Kwenye maduka ya dawa ipo yenye vichwa viwili, kimoja kipana na kimoja chembamba cha kuingia kwenye kona, lakini mswaki laini wa kawaida unatosha. Tia tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au pitisha mswaki kwenye sabuni ya kipande isiyo na manukato makali. Anza upande wa ndani. Narudia, upande wa ndani, unaokaa juu ya ufizi, kwa sababu mkono wa kila mtu hupenda kuanza mbele panapoonekana na watu, na ukifika ndani umeshachoka. Fuata mfereji, zunguka nyuma ya meno ya mwisho, ingia chini ya kila kulabu kama ni meno ya pengo, yale yanayojaza nafasi kati ya meno yako ya asili. Halafu jaribu kwa kidole. Kidole kikiteleza kama juu ya jiwe la mtoni, utando bado upo. Kikigoma kidogo, kama juu ya sahani iliyooshwa vizuri, umemaliza. Suuza mpaka ladha ya sabuni iishe.

Fanya hivyo asubuhi na usiku. Baada ya kila mlo yavue uyasuuze kwa maji matupu, na kinywa ukisukutue. Anayetawadha kwa sala tano ana nafasi tano za kusukutua alizokwisha pangiwa. Mama yangu sasa huyaosha kabla ya udhu wa adhuhuri na wa isha, na anasema hivyo hasahau. Kama ulikula mapera, ufuta, nyanya chungu au karanga, suuza hapo hapo. Mbegu moja ya pera chini ya bamba, ukiitafunia mchana kutwa, inatoboa ufizi kama changarawe ndani ya kiatu.

Dawa ya meno usitumie. Imetengenezwa na chembe za kusugua, na chembe hizo zimekusudiwa jino la asili, ambalo gamba lake ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Akriliki ni laini mno mbele yake. Kila unaposugua unachora mifereji, na kila mfereji ni nyumba mpya ya utando, kwa hiyo unayachafua kwa jitihada ya kuyasafisha. Zile zinazoahidi kung'arisha ndizo kali zaidi. Majivu, mkaa, mchanga na waya wa masufuria, hayo hata nisiyaeleze. Maji yanayochemka nayo yanalikunja bamba, na likishakunjika siwezi kulinyoosha, tunatengeneza jipya.

Kuloweka kwa dawa kunasaidia lakini hakuchukui nafasi ya mswaki. Vidonge vya povu vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa hutiwa kwenye maji ya uvuguvugu meno yakiwa nje. Baada ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, yasugue na uyasuuze vizuri. Kamwe usivimumunye wala usisukutue maji yake. Baadhi ya watu miili yao huvikataa, wakawashwa au wakavimba ufizi. Ukiona hivyo, acha. Usipovipata, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nusu saa mara moja kwa wiki, hulainisha ule ukoga mgumu wa njano unaoganda nyuma ya meno ya chini. Usiuchokonoe kwa kisu. Ukiwa umekomaa, lete. Tuna mashine yake.

Jiki ni jambo la kusema kwa uangalifu. Inaua fangasi kweli, na daktari anaweza kukushauri uitumie iliyozimuliwa kwa maji mengi, lakini isizidi dakika 10, na kwa meno ya akriliki tupu. Ukiyalaza humo usiku kucha rangi inakwenda. Yakiwa na chuma, jiki inakila. Na jiki na siki zisikutane chombo kimoja hata kwa bahati mbaya, kwani hutoa hewa yenye sumu.

Nimesema mengi juu ya meno, na huku ufizi ndio ulio hai. Meno nikikosea nitatengeneza mengine. Ufizi na mfupa wako siwezi. Kila asubuhi na kila usiku, kabla hujavaa au baada ya kuvua, futa fizi zote, kaakaa, mashavu ya ndani na ulimi kwa mswaki laini sana, au kwa kitambaa safi kilicholowa ulichokizungusha kidoleni, vile mama zetu wanavyomsafisha mtoto mchanga mdomo. Kisha kanda ufizi kwa kidole, taratibu, dakika moja au mbili, damu itembee. Palipochubuka, sukutua maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja.

Mwenye meno ya asili yaliyosalia ana kazi mbili. Hayo ya asili apige mswaki kwa dawa yenye floridi, na anayetumia mswaki wa mti aendelee nao, mradi afike upande wa nyuma na kwenye mstari wa ufizi. Hasa ayaangalie yale yanayoshikwa na kulabu. Chakula hujificha pale, na jino linalobeba kulabu ndilo mara nyingi hufuata kuoza. Likiondoka hilo, meno ya bandia nayo hayana pa kushika.

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni "yamepanuka." Hayapanuki. Jino likiondoka, mfupa uliokuwa ukilishika huanza kunywea, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, kisha polepole maisha yote, na taya la chini hunywea zaidi ya la juu. Bamba limebaki vile vile, kinywa ndicho kilichobadilika chini yake. Aliyepungua uzito kwa ugonjwa huliona hili upesi zaidi. Dawa yake ni kuyaleta tuongeze tabaka jipya upande wa ndani lifuate ufizi ulivyo sasa, au kama meno yenyewe yamekwisha kulika, kutengeneza mengine. Gundi au unga wa kushikilia unaweza kukuvusha harusi au safari. Ukihitaji kila siku na kila siku unaongeza, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari. Baadhi ya gundi hizo zina zinki, na mtu akizitumia kupita kiasi kwa miaka, zinki huzidi mwilini hadi kuharibu mishipa ya fahamu, akaanza kufa ganzi miguuni. Bamba linalocheza pia husugua ufizi mpaka nyama inaota pembeni, na nyama hiyo wakati mwingine lazima ikatwe.

Yanapouma, tafadhali usichukue wembe wala msasa. Nimepokea mabamba yaliyochongwa nyumbani mpaka yakatoboka, na maumivu hayakuondoka, kwa sababu palipochongwa si penyewe. Mimi na daktari tuna namna ya kupatafuta. Unachoweza kutusaidia ni hiki: kama umeyaacha siku kadhaa kwa maumivu, yavae saa chache kabla ya kuja, ili alama ionekane kwenye ufizi. Yakivunjika usiunge kwa gundi ya kuunganishia viatu na vyombo. Ina kemikali zisizofaa mdomoni, na vipande vikishaungwa upogo siwezi tena kuvikutanisha. Kusanya vipande vyote, hata kidogo kama punje, uvilete.

Na usikubali kuwekewa jino la "kudumu" na mtu anayelimwagia akriliki humo humo mdomoni likashikana na majirani yake. Nimeona matokeo yake mara nyingi. Halivuliki, halioshwi chini, meno mazima ya pembeni yanaoza na ufizi unatoa usaha. Bei yake ni ndogo siku ya kwanza tu.

Zile pembe za midomo za mama nazo nizieleze. Meno ya bandia hulika kwa kutafuna. Yakilika, taya hukaribiana kuliko ilivyokuwa, midomo inakunjana pembeni, mate hukusanyika kwenye mkunjo na fangasi hupata pa kukaa. Ni kweli upungufu wa damu au wa vitamini unaweza kufanya vivyo hivyo, kwa hiyo apimwe, lakini anayevaa meno ya bandia aanzie kwenye meno. Mwenye kisukari hupata fangasi upesi, na vinywa vinavyokauka kwa dawa za presha au nyinginezo hali kadhalika. Anywe maji kidogo kidogo siku nzima, na amweleze daktari. Anayevuta dawa ya pumu yenye steroidi asukutue kila anapomaliza.

Kidonda chochote, doa jeupe au jekundu, au uvimbe usiopona kwa wiki mbili baada ya meno kurekebishwa au kuachwa, lazima uonwe na daktari. Nawasema hapa hasa watu wa pwani wenzangu wanaotafuna tambuu kwa popoo na tumbaku, na wanaoweka ugoro au kuberi chini ya mdomo. Popoo na tumbaku husababisha saratani ya kinywa. Aliyevaa meno ya bandia hukidhani kidonda ni mchubuko wa meno, akavumilia miezi, na kumbe muda ule ndio uliokuwa wa kumwokoa.

Kula kuna mafunzo yake, nitagusa mawili tu. Wiki za mwanzo kula vilaini, vipande vidogo, utafune pande zote mbili kwa pamoja. Ukitafunia upande mmoja upande wa pili unanyanyuka. Muwa na mahindi ya kuchoma vikate kwa kisu, usivivamie kwa meno ya mbele. La pili ni chai. Kaakaa lililofunikwa halihisi moto, na mtu anaweza kumeza kitu kinachounguza bila kujua mpaka kimefika kooni. Kipime kwa mdomo wa juu kwanza.

Mgonjwa akilazwa, mwambieni muuguzi kwamba ana meno ya bandia. Kabla ya upasuaji yavuliwe, hata kama ni jino moja. Mwaka 2019 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mzee wa miaka 72 ambaye meno yake ya pengo yalikaa kooni siku 8 baada ya upasuaji mdogo wa tumbo, akitema damu na kushindwa kumeza, kwa sababu hayakuvuliwa kabla. Yakitolewa yawekwe kwenye kikombe chenye jina. Wodini nimeambiwa mara kadhaa yametupwa na mabaki ya chakula kwa kuwa yalifungwa kwenye karatasi. Ukiniomba wakati wa kutengeneza, naweza kuandika jina lako ndani ya akriliki, lisionekane mdomoni wala lisifutike.

Na mara moja kwa mwaka mwone daktari wa meno, hata kama huna jino lako hata moja. Anakagua ulimi, ufizi na kaakaa, anaangalia kama bamba bado linakaa. Meno ya bandia yaliyotunzwa huhitaji kubadilishwa kwa kawaida baada ya miaka 5 hadi 10. Ukiwa na ya miaka 15, usisubiri yavunjike.

Mama nilimpeleka kwa daktari wiki ile ile. Alipewa dawa ya kusukutua, na mimi nikalichukua bamba, nikalisafisha, nikaliongezea tabaka jipya. Usiku wa kwanza bila meno hakutoka chumbani. Usiku wa pili alitoka akiwa na mtandio mdomoni. Baada ya wiki mbili niliwasha tena tochi: mpaka ule mwekundu ulikuwa umefifia, na mikunjo ya kaakaa imeanza kuonekana. Kikombe chake ni cha bluu, kina kifuniko, kinakaa kwenye rafu ya ukumbini kando ya redio. Mjukuu wake wa miaka sita ndiye anayekijaza maji ya birika jioni, na hukibeba kwa mikono miwili.